Anti, hela ya mchezo nimpe mdogo wangu ya boda au nimpeleke chuo?

Anti shikamoo.

Mimi ni dada wa miaka 29, naishi Makorora hapahapa Tanga mjini, nauza chakula asubuhi na mchana, chapati, supu, maharage na wali. Naishi na mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Baba alifariki siku nyingi, mama yuko Pangani anaumwa miguu hawezi tena shughuli, kwa hiyo huyu kijana yuko mikononi mwangu tangu yuko darasa la tano. Kamaliza form four kapata ziro. Yani ziro Anti, hata divisheni foo hakuigusa.

Sio mtoto mbaya, niseme ukweli. Asubuhi ananichotea maji ananiwashia mkaa, nikimtuma anaenda bila kununa. Ila ikishafika saa nne humuoni, keshaenda kwa mzee mmoja fundi kule karibu na Mgandini, yule mzee anasuka mota, feni, pampu za maji, vitu kama hivyo, anashinda hapo mpaka magharibi na malipo yake ni nini? Soda na andazi, siku akibahatika buku mbili. Anarudi mikono myeusi ananuka vanishi mpaka mashuka yananuka. Juzi kachukua feni yangu iliyokuwa imekufa toka mwaka jana kaifungua kaimwaga yote kwenye mkeka, kakata zile nyaya za kopa anazihesabu mzunguko mmoja mmoja anaandika kwenye daftari, nikamwambia ungehesabu hivyo kwenye mtihani usingepata ziro. Feni sasaivi inazunguka sikatai lakini Anti hiyo nayo ni kazi? Nani atamlipa mpaka apange chumba aoe kwa kufungua feni?

Sasa kwenye mchezo wetu wa kina mama zamu yangu inaingia mwezi ujao, laki nane. Nimeamua hela hii iwe yake ili na yeye atoke. Yeye anataka boda. Kuna kaka ana pikipiki anatoa kwa mkataba, anataka kianzio laki tano alafu hesabu elfu kumi kila siku kwa mwaka na nusu, baada ya hapo pikipiki inakuwa yako. Leseni hana ila wenzake wanamwambia hiyo atakata mbele ya safari.

Alafu kuna bwana kaletwa na jirani yangu, huyo ana chuo, kipo chumba kimoja juu ya duka. Anatoa cheti cha weldingi miezi mitatu kwa laki nne, ukiongeza laki mbili ya kufungua faili kijana akimaliza anapelekwa moja kwa moja Chongoleani kwenye bomba la mafuta. Anasema nafasi zimebaki chache nilipe kabla ya Ijumaa hata kama nitakopa kwa kijumbe anayekusanya hela zetu za mchezo.

Mteja wangu mmoja ananiambia mpeleke VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali. Lakini mimi nasikia VETA wanachukua waliofaulu, na ada si ndo mamilioni yale? Naomba unishauri Anti maana usiku silali. Na je nimkataze kwenda kwa yule mzee ili ajue maisha?

Dada mtu, Makorora

Marahaba mwanangu.

Tuanze na huyo bwana wa Ijumaa maana yeye ndo ana haraka. Usimpe hata mia. Mtu mwenye kazi ya kweli hauzi kazi, na hakuna faili linalofunguliwa kwa laki mbili juu ya duka. Hili bomba watu wamelila sana hapa mjini, tangu jiwe la msingi liwekwe pale Chongoleani mwaka 2017 kila mwenye suti na bahasha ya kaki anajifanya ana nafasi mfukoni. Mradi upo tena mkubwa, kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka kwetu hapa, na vijana wa Tanga waliopata kazi wapo, nawajua watu kweli wamejenga. Lakini kazi nyingi za mradi kama ule ni za ujenzi, na ujenzi una mwisho, bomba likishafukiwa na matenki yakisimama wanabaki watu wachache wa kuangalia mitambo. Na wale wanaochomelea bomba lenyewe wanapimwa mkono, unapewa chuma unachomelea mbele ya mkaguzi na kiungo chako kinapigwa picha kuangalia kama ndani kuna mapovu, sasa huyo wa miezi mitatu kwenye chumba kimoja, mashine ya kuchomelea sijui imewekwa wapi, karibu na ngazi? Mulize chuo chake kimesajiliwa kwa namba gani. Vyuo vya ufundi vinasajiliwa na NACTVET, lile baraza la serikali la elimu ya ufundi, na orodha ipo, unaenda hata kwenye chuo cha VETA unawauliza wenzenu hawa mnawajua? Akianza kubabaika, mpe chai yake aende zake. Na jirani yako mwambie taratibu bila kumgombeza, inawezekana na yeye kaahidiwa kitu.

Boda sasa. Mie sina ugomvi na bodaboda, kuna watu wamesomesha watoto kwa boda mji huu huu. Ugomvi wangu ni na hiyo hesabu. Elfu kumi kwa siku ni laki tatu kwa mwezi, mwaka na nusu ni milioni tano na laki nne, weka na kianzio chako inakaribia milioni sita, mafuta juu yenu, tairi juu yenu, oili juu yenu. Sasa nenda tu dukani kaulizie bei ya pikipiki mpya alafu urudi uniambie huyo kaka anafanya biashara gani. Na mvua ikinyesha wiki nzima, au akianguka, au trafiki akimkamata hana leseni, hesabu inasubiri? Akikosa siku kadhaa pikipiki inachukuliwa na laki tano yako imekwenda nayo, na mikataba yenyewe mingi ni ya mdomo. Leseni haikatwi mbele ya safari bibi, inakatwa kabla ya safari.

Ila kuna kitu kwenye hii boda hujakiona. Barua nzima hujaniambia kama umewahi kumkalisha ukamuuliza kwa nini anataka boda. Mie nadhani najua. Kijana wa miaka 19 anamuona dada yake anaamka saa kumi usiku kusukuma chapati toka yeye yuko darasa la tano, huyo anataka hela ya leo jioni aje akuwekee mezani. Boda inatoa hela ya leo, chuo hakitoi, na kwa fundi ni soda. Kwa hiyo kabla hujamjibu kuhusu pikipiki mwambie kwanza kwamba hadaiwi hela ya jioni kwa miaka miwili hii. Mwambie kwa mdomo wako, asikisie. Ukimwacha akisie atakwenda chuo wiki tatu alafu utamkuta kijiweni na boda ya mtu anafanya deiwaka.

Haya, sasa nije kwenye feni.

Mwanangu umeandika barua ndefu unamtafutia mdogo wako fani na fani yenyewe umeilalamikia mwenyewe. Unajua alikuwa anahesabu nini pale kwenye mkeka? Mota ikiungua unakata koili ya zamani, yani ule waya uliozungushwa ndani, unahesabu mizunguko iliyokuwemo, unapima unene wa waya, unaangalia koili imepita kwenye matundu yapi, ndipo unasuka mpya ilingane na ile, unaweka karatasi za kuzuia waya isiguse chuma, unafunga, unamwagia vanishi unakausha. Ukipunguza mizunguko mota inachemka inaungua tena, ukizidisha inazunguka kivivu haina nguvu. Ukitumia waya nyembamba kuliko ile ya kwanza haimalizi wiki. Kwa hiyo lile daftari ndo kazi yenyewe, na mtoto aliyeandika bila kuambiwa na mtu na feni ikawaka, huyo hajafundishwa juzi, huyo kashakaa na kazi ikamwingia. Watu wanalipa ada miaka mizima hawajafika hapo. Na ile kauli ya usingepata ziro, nakuomba uifute. Mwite, mwambie feni inapoza vizuri.

Unauliza nani atamlipa. Zunguka mji. Mashine za kusaga zote zina mota, pampu za visima kwenye hizi nyumba zinazojengwa kila kukicha zina mota, mafriza ya wauza samaki kule Deep Sea yakifa asubuhi samaki hawasubiri kesho na mwenye friza atalipa anachoambiwa. Nenda mashamba ya mkonge, ile mashine ya korona inayochana majani inazungushwa na nini? Nenda kiwanda cha saruji Pongwe, kiwanda cha maziwa, bandarini, kila kinachozunguka kuna mota nyuma yake na siku moja itaungua. Hii kazi haina kelele ndo maana hamuioni, fundi mota hatembei na honi.

Lakini sisemi umwache kwa yule mzee ukae unapika. Hapana. Fundi wa mtaani anampa mkono, hampi karatasi, na mji huu siku hizi karatasi inaulizwa kabla ya mkono. Nyumba ikitaka kuunganishwa na TANESCO ile kazi ya kutandaza waya inatakiwa iwe imefanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa mambo ya nishati na maji, na leseni ya EWURA hupewi kwa sababu mzee fulani wa Mgandini anakusifia, wanaangalia vyeti. Kiwandani ndo kabisa, getini mlinzi tu anakuuliza una cheti gani. Alafu kuna mambo yule mzee hawezi kumfundisha hata akitaka, kusoma mchoro wa umeme, umeme wa njia tatu, zile swichi za mitambo ya kisasa, kwa nini mota fulani inataka kuanzishwa polepole. Mzee anajua inafanya hivi, chuo kinakwambia inafanya hivi kwa sababu gani.

VETA hawachukui waliofaulu tu, hilo aliyekwambia kakudanganya au na yeye kadanganywa. Cheti cha ufundi stadi kina ngazi, ya kwanza mpaka ya tatu, na ziro ya form four haimfungii mtu mlango wa ngazi ya kwanza, kuna fani wanachukua hata aliyeishia darasa la saba. Wanachoangalia ni umri, fomu imejazwa vizuri, na kama kuna mtihani wa kuchuja, mtoto wa kuhesabu koili sioni atashindwaje. Ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vya VETA vya serikali ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ndio, soma tena, elfu sitini. Fomu kwa kawaida zinaanza kutoka kwenye mwezi wa nane wa tisa na masomo yanaanza mwezi wa kwanza, kwa hiyo nenda chuoni kwao hapa Tanga uulize dirishani mwaka huu tarehe zikoje, na uulize fani ya umeme, usikubali kupangiwa ushonaji kwa sababu umeme umejaa, bora asubiri.

Sasa nikwambie kinachowatoa watoto wa maskini chuoni, maana sio ada. Ni nauli. Ni chakula cha mchana. Ni overoli na buti alizoambiwa aje nazo wiki ya kwanza hana, anaona aibu, wiki ya pili haendi. Watu wanachangishana ada wanashangilia alafu mtoto anaachwa na njaa saa saba mchana anawaangalia wenzake wakinunua chipsi. Wewe bahati nzuri unauza chakula, wali wa kwenye bakuli unao. Nauli ndo hii, mnunulie baiskeli ya mtumba. Mji wetu tambarare, mji wa baiskeli tangu enzi za mababu, na kijana anayesuka mota hatashindwa kuziba pancha. Laki nane ikiingia usimkabidhi mkononi na wala usiiweke pale kwenye kopo la mauzo, ukikosa mtaji wa unga utaikopa mwenyewe na hutairudisha, nakujua. Toa ada, overoli, buti, baiskeli, alafu vifaa vyake, plaizi, bisibisi za umeme, testa, ile mita ya kupimia, vya kueleweka sio vile vinavyoyeyuka ukivishika. Inayobaki igawe kwa miezi, uwe unatoa kidogo kidogo ya daftari na sabuni na dharura. Nina hakika itabaki.

Yule mzee usimkosanishe naye, tena naomba uende kwake. Usiende peke yako kama mteja, chukua mtu mzima mmoja, mjomba kama yupo mjini au mjumbe wa mtaa, muende kwa adabu mkamkabidhi kijana rasmi. Mpaka sasa yule mzee hajapewa mtu na nyie hamjampa mtu, mtoto anajiokotea tu. Mwambieni huyu ni mwanao wa kazi, tunaomba umfundishe mpaka aweze kusuka mota mwenyewe kuanzia kukata mpaka kuiwasha, akiingia chuo atakuwa anakuja Jumamosi na likizo. Na hapo hapo kwa heshima mzungumzie mkono wake, kwamba mota aliyoisuka yeye ikilipwa na yeye apate chochote, sio soda. Mafundi wengi wa zamani sio wachoyo, hawajaulizwa tu. Ila kuna wengine ni wachoyo haswa, wanamweka kijana miaka sita anafagia na kushika tochi ili asije kufungua kibanda mbele yao, ukiona kijibu chake ni cha kuzungukazunguka ujue ni wa hao, na kijana aendelee kwenda lakini macho yake yawe chuoni. Kitu kimoja umsisitizie mwenyewe mdogo wako bila kumwachia fundi, kabla hajagusa kitu achomoe, azime, apime kwa testa. Mafundi wa mtaani wana tabia ya kugusa kwa kidole wakijisifu wamezoea.

Akikosa nafasi mwaka huu msikate tamaa mkarudi kwenye boda. VETA wana kozi fupi za miezi michache, bei yake ni nyingine na inategemea fani, ulizia. Pia kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi, mtu aliyejifunzia kazini bila chuo anakwenda anapimwa anachokijua, penye pengo anaongezewa, alafu anapewa cheti kinachotambulika, huo unamfaa aliyekaa na fundi muda mrefu. Na Serikali ina programu ya kukuza ujuzi ambayo inalipia vijana mafunzo ya uanagenzi vyuoni, matangazo yake yanapita halmashauri, kwa hiyo jizoesheni kupita ofisi ya kata mara moja moja kusoma ule ubao ambao hakuna anayeusoma. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia kumi, ambayo vijana fungu lao ni asilimia nne na haina riba, hiyo iacheni mpaka awe na kazi mkononi na wenzake wa kweli wa kufungua nao karakana, maana vikundi vya kukusanya majina ili kupata hela tumeviona vilipoishia, wameshagombana kabla hela haijaingia.

Huyu kijana akisoma mpaka ngazi ya tatu ni miaka, sio miezi, sikufichi. Ila kila hatua ina kitu mkononi, katikati kuna fildi, anapelekwa kiwandani au kwenye kampuni kujifunza kazini, na huko ndiko wengi wanakopatia ajira, bosi kamuona anafanya kazi kamuuliza ukimaliza unaenda wapi. Akifika fildi mwambie awahi, asishinde na simu, na mota ikiungua awe wa kwanza kusogea.

Alafu kabla sijasahau. Ule urasimishaji ujuzi niliokutajia sio wa mafundi umeme tu, na wapishi wanapimwa. Wewe unapika chapati na supu watu wanapanga foleni, cheti huna, na hoteli za mji huu zinaajiri wapishi wenye cheti ambao wengine nimekula vyakula vyao nikanyamaza tu. Siku ukienda kuulizia fomu ya mdogo wako usigeuze mgongo haraka, muulize huyo wa dirishani na habari ya mpishi ikoje, wanapima lini, wanataka nini, na wewe ni shilingi ngapi.